Maduara yale kwenye jiwe la kijijini ni kazi ya nani?

Swali: «Mwalimu, jambo. Mutoto wangu anasoma sekondari. Mu kitabu yake ya historia banasema bantu ba zamani balichora nyama mu mapango ya Ufaransa na Espanya. Akaniuliza: na bale ba kwetu Congo, balikuwa nafanya nini? Nilikosa jibu. Nikakumbuka ku mugini ya mama yangu, upande wa Mitwaba, kuko jiwe kubwa yenye alama: maduara ndani ya maduara, na matundu madogo-madogo mengi. Mama alikuwa anatukataza kuikaribia. Sasa vijana ba kanisa banataka kuisugua na maji na burashi, juu muchungaji alisema ni alama za shetani. Ni nani aliichora, na iko na miaka ngapi? Tuifanyie nini?»
Mama wa Katuba, Lubumbashi

Jambo sana, mama, na asante kwa kuandika. Nianze na lile la haraka. Tafadhali piga simu kijijini leo hii, useme jiwe lisisuguliwe: si kwa maji, si kwa burashi, hata kwa kitambaa kikavu lisipanguswe. Mengine yote yanaweza kungoja usome hadi mwisho. Hilo haliwezi, kwa sababu kinachotoka juu ya jiwe hakirudishwi, na mara nyingi kinachotoka ndicho ambacho kingetupatia umri wake.

Sasa swali la mtoto, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote uliyouliza. Kitabu chake hakikudanganya. Pango la Chauvet huko Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1994, lina simba, vifaru na farasi waliochorwa kwa mkaa miaka kama 36,000 iliyopita, na aliyewachora alikuwa fundi kweli. Michoro ya Lascaux, iliyopatikana mwaka 1940, ina miaka kama 17,000. Shida ni kwamba kitabu kinaishia hapo, na mtoto anabaki akidhani kwamba akili ya kuchora ilizaliwa Ulaya, sisi tukaletewa baadaye pamoja na shule. Katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kuna mchoro wa nguruwe na watu ambao wataalamu walitangaza mwaka 2024 kuwa una miaka isiyopungua 51,200. Na Afrika Kusini, katika pango la Blombos, walipata kipande cha jiwe chenye mistari inayokatizana ya ngeu, yaani udongo wa rangi nyekundu, iliyochorwa kwa mkono wa mtu miaka 73,000 iliyopita. Pango hilohilo limetoa makombe ya konokono wa baharini yaliyotumika kukorogea rangi miaka 100,000 iliyopita: ngeu iliyosagwa, mkaa, na mafuta ya mifupa. Yaani wakati huo tayari kulikuwa na mtu anayejua vipimo, anayepanga kazi ya rangi kabla ya kuianza.

Kwa nini basi picha maarufu za wanyama ziko Ulaya na si Katanga? Jibu langu, mama, ni kwamba jiwe huchagua. Kinachotufikia ni kile ambacho jiwe na hali ya hewa viliruhusu kibaki, tena ni sehemu ndogo sana ya vilivyofanywa. Mapango yale ya Ufaransa ni mashimo marefu ndani ya mawe ya chokaa, yanaingia gizani kabisa. Mvua haifiki, jua halifiki, baridi ni ileile mwaka mzima. Mlango wa Chauvet uliporomokewa na mawe ukazibika kwa zaidi ya miaka 20,000, hakuna mtu wala upepo ulioingia. Hata Lascaux, iliyokuwa imehifadhika hivyo, ilianza kuota mwani wa kijani baada ya watu kuingia kwa wingi na pumzi zao, ikabidi wageni wazuiwe mwaka 1963. Ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1948: miaka 15 tu ilitosha kuitia hatarini!

Kwetu watu walichora mahali walipoishi: chini ya miamba iliyoinama, penye mwanga na upepo. Wewe mwenyewe unajua masika ya hapa. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inapiga, kisha kiangazi kinakuja na jua, vumbi na moto wa porini. Rangi nyeupe ya udongo inaondoka kwanza. Mkaa unafuata. Kinachobaki ni nyekundu ya ngeu, kwa sababu ngeu ni chuma kilichokwisha kupata kutu. Haina tena cha kuharibika, na ikishika vizuri kwenye ngozi ya jiwe inadumu. Ndiyo maana ukienda Kondoa huko Tanzania, au Kasama huko Zambia, utaona picha nyingi nyekundu. Si kwamba wazee wale walipenda nyekundu tu. Ni nyekundu iliyovumilia.

Na tuongeze kwamba mwamba ni mahali pamoja tu pa kuchora. Kuta za nyumba za vijijini hupakwa udongo mweupe na mwekundu kwa mapambo mazuri, na mvua za mwaka mmoja zinayafuta. Mwili wa msichana anayetoka unyagoni hupakwa rangi, kisha huoshwa. Wazee wa Kichokwe, upande wa Dilolo na ng'ambo ya Angola, walikuwa wanaweka vitone mchangani kwa ncha ya vidole, wanazungusha mstari mmoja bila kuinua kidole hadi picha inakamilika na hadithi yake inaisha, kisha wanafuta mchanga kwa kiganja. Baluba walikuwa na lukasa, ubao uliopachikwa shanga, ambao wazee wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuupapasa na kusimulia historia ya ufalme. Ubao huo ukiachwa ardhini, mchwa wanaumaliza. Mwanaakiolojia wa kesho akichimba hapo hatakuta kitu, na akikosa busara ataandika kwamba hapa hawakuwa na kumbukumbu.

Mtoto aliuliza pia walikuwa wanafanya nini. Hapo mama una mengi ya kumwambia, na mengine yametokea karibu sana na sisi. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, karibu na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, walichimbua magogo mawili yaliyochongwa ili moja likae sawasawa juu ya lingine. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2023. Umri wa magogo ni miaka 476,000. Ni kazi ya viumbe waliotangulia hata mtu wa namna yetu, na tayari walikuwa wanaunganisha mbao kujenga kitu. Yalisalimika kwa sababu yalizama katika tope lenye maji ambamo hewa haikuingia. Tazama tena jinsi mahali panavyoamua nini kibaki.

Kabwe unapajua, kwenye barabara ya kwenda Lusaka. Mwaka 1921 wachimbaji wa risasi na zinki waligonga fuvu la mtu wa kale mwenye mifupa minene juu ya macho. Liko London hadi leo, na Zambia bado inalidai. Mwaka 2020 wataalamu walilipima wakapata miaka kama 300,000. Kilichowasumbua muda mrefu ni kwamba kilima chenyewe kilikwisha kuchimbwa chote na mgodi, kwa hiyo hapakuwa tena na tabaka la udongo la kulinganisha. Sisi wa nchi ya shaba na kobalti tulisikie hilo vizuri. Kilima kinachobomolewa bila mtu wa kukitazama kwanza kinaondoka na habari zake.

Kusini-magharibi mwa Lusaka kuna kilima kiitwacho Twin Rivers. Huko kulipatikana mamia ya vipande vya mawe ya rangi, vingine vikiwa na alama za kusagwa, vya zaidi ya miaka 200,000. Vyekundu, vya njano, hata vile vya zambarau vinavyometameta. Mtu hapandi kilima na mawe ya namna hiyo kwa bahati mbaya. Walipaka nini, ngozi za wanyama au miili yao wenyewe? Mawe hayasemi. Lakini rangi waliichagua, waliibeba, waliisaga.

Ukipanda kaskazini ndani ya nchi yetu, kwenye mto Semliki unapotoka ziwa Edward, kuna mahali paitwapo Katanda. Alison Brooks na John Yellen walitangaza mwaka 1995 kwamba wamepata huko chusa za mfupa, zimechongwa meno safi upande mmoja, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Umri wake ni kama miaka 90,000. Wavuvi wale walijua msimu ambao kambale husogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga, nao walirudi kwa wakati wake. Karibu na hapo kuna Ishango, ambako Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 kijifupa cha kama sentimita 10, kina kijiwe kikali kimepachikwa kwenye ncha, na mwilini kimekatwa mikato iliyopangwa katika safu tatu. Ukihesabu, safu mbili kila moja inajumlisha 60, ya tatu 48. Kina miaka kama 20,000, na kinakaa Brussels. Watu wengi kwenye mitandao wanakishangilia kuliko kinavyostahili: wanasema ni hesabu za chuo kikuu, wengine ni kalenda ya mwezi. Mimi nampa mtoto wako kile ambacho jicho lake linaweza kuthibitisha. Mtu aliyekaa kando ya ziwa letu alikata mikato hiyo kwa mafungu, kwa makusudi, na pengine mafungu yale alikuwa anayahitaji kukumbuka kitu. Hilo peke yake ni kubwa.

Haya, tuje kwenye jiwe lenu.

Kwanza kuna mambo matatu ambayo huwa yanadanganya macho, na inafaa vijana wayachunguze kabla hatujasema lolote. La kwanza ni maduara ya asili. Katika mawe ya mchanga, kama yale ya Kundelungu, maji yenye chuma hupenya na kuacha pete nyekundu, moja ndani ya nyingine, nzuri ajabu. Ukitazama mahali jiwe lilipovunjika, pete hizo zinaendelea mpaka ndani. Alama ya mtu huwa juu ya ngozi ya jiwe tu. La pili ni matundu ya maji, yale ambayo mto hutoboa kwa kuzungusha changarawe. Hayo hukaa kwenye mwamba uliolala, penye njia ya maji ya sasa au ya zamani, na ndani yana ulaini. Matundu yakiwa kwenye ukuta uliosimama, tena yamepangwa mstari, mto hauhusiki. La tatu ni mchezo. Kama matundu yamelala chini katika safu nne zilizo sawa, huenda ni kisolo, watu walikaa hapo wakacheza, labda babu zako wenyewe. Na yakiwa ni mabonde marefu yenye ulaini, hapo palisagwa nafaka au rangi, au mhunzi alinoa shoka.

Lakini ulivyoeleza wewe, maduara ndani ya maduara pamoja na vitone vingi, inafanana sana na michoro inayojulikana Katanga. Pango la Kiantapo ndilo mashuhuri: lina alama zilizochanjwa na vitone vilivyogongwa kwenye mwamba, maduara yakiwa mengi. Mwaka 1952 Padri Henri Breuil, Mfaransa aliyekuwa mkubwa wa elimu hii wakati ule, alichapisha habari za Kiantapo, na mwaka huohuo Georges Mortelmans alikusanya kwa pamoja michoro ya Katanga, iliyochanjwa, iliyogongwa vitone, na iliyopakwa rangi. Kwa hiyo kwa yule anayesema Congo hakuna, jibu limekuwa kwenye karatasi zaidi ya miaka 70.

Kuhusu Breuil nina neno. Alikuwa na jicho zuri na mkono mzuri wa kunakili, na kazi zake bado tunazitumia. Ila alipofika kwenye swali la «nani», alikuwa mwepesi kuwatoa Waafrika nje. Huko Namibia, kwenye mlima Brandberg, aliona mchoro wa mtu aliyepakwa weupe mwilini akatangaza kwamba ni mwanamke mweupe aliyetoka Bahari ya Kati. Waliochunguza baada yake walikuta ni mwanamume, ana upinde, na weupe ni rangi ya kujipaka kama wanavyojipaka watu wengi wa Afrika kwenye sherehe zao. Na dhuluma hii iliwahi kuwapata hata Wazungu wa kale wenyewe. Picha za pango la Altamira huko Hispania ziligunduliwa mwaka 1879. Mabingwa wakamcheka aliyezitangaza, Marcelino Sanz de Sautuola, wakasema watu wa zamani hawakuwa na akili ya kuchora hivyo. Alikufa mwaka 1888 akiwa bado anaonekana mwongo. Mpaka mwaka 1902 ndipo Émile Cartailhac, mmoja wa waliompinga vikali, alikiri hadharani kwamba walikosea. Mwambie mtoto hadithi hiyo. Kumdharau mtu wa kale ni ugonjwa wa wasomi tangu zamani.

Kiantapo haiko peke yake. Alama za aina hiyo, maduara, mistari, vitone, bila wanyama au na wanyama wachache sana, zimetawanyika katika eneo pana la Afrika ya kati: sehemu za Angola, Zambia, Malawi, na kupanda hadi Nyero huko Uganda, ambako maduara mekundu yamepakwa ukutani moja ndani ya jingine. Ng'ambo tu ya mpaka wetu, karibu na Solwezi, kuna mwamba wa kijito cha Chifubwa wenye mistari iliyochanjwa na alama zilizopinda kama upinde uliosimamishwa. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alichimba hapo akakuta vijiwe vidogo vyenye makali, silaha na visu vya wawindaji walioishi kabla ya mkulima wa kwanza kufika.

Nani basi? Kwa alama za aina hii, wengi wetu tunaamini ni wawindaji na wakusanyaji wa zamani, waliokuwa katika nchi hizi kwa maelfu ya miaka kabla ya mababu wetu wenye lugha za Kibantu kuwasili. Mababu hao walianza kutoka pande za Kameruni na Nigeria miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, wakaenea taratibu na kilimo, baadaye na chuma. Huku Upemba, Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yao ya zaidi ya miaka 1,000 yamejaa vyungu na mapambo ya shaba. Wao pia walichora. Huko Chongoni, Malawi, penye miamba 127 yenye michoro, unaona tabaka mbili wazi: chini alama nyekundu za wawindaji, juu yake picha nyeupe za udongo, za wakulima.

Wale wa kwanza walikwenda wapi? Vipimo vya DNA vya mifupa ya Malawi, vilivyotangazwa mwaka 2017, vilionyesha wawindaji wa huko walikuwa na undugu na Wahadza wa Tanzania upande mmoja na Wasani wa kusini upande mwingine, na kwamba kwa watu wa Malawi wa leo damu yao karibu haipo. Sehemu nyingine za Afrika ya kati walichanganyika na wageni, na damu yao iko ndani ya watu wanaojiita Wabantu watupu. Na pengine wajukuu wao wako hai, mbele ya macho yetu. Huko Malawi na Zambia, wazee wakiulizwa nani alichora alama nyekundu, hujibu: Batwa, wale watu wafupi wa uwindaji. Wachewa hata wanasimulia kwamba mtu mfupi wa porini alikuwa akikutana nawe anauliza, «uliniona kwanza ukiwa wapi?» na ole wako useme hukumwona mpaka ulipofika karibu!

Mama, hapa siwezi kupita haraka. Katika Katanga ya zamani, mkoa wa Tanganyika, tangu mwaka 2013 Baluba na Batwa wameuana, vijiji vimechomwa, watu wamekimbilia Kalemie na kwingine. Kivu nako, Batwa walifukuzwa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega ilipofanywa hifadhi miaka ya 1970, na hadi leo hawajatulia. Tunawaita watu wa nyuma. Utafiti wa DNA umeonyesha kwamba ukoo wa wawindaji wa misitu ya Afrika ya kati umesimama peke yake kwa makumi ya maelfu ya miaka. Hakuna aliyethibitisha kwamba mkono uliochonga jiwe lenu ulikuwa wa Mtwa, lakini hao ndio watu wa kwanza kufikiriwa. Nikiona mtu anapiga picha na michoro ya kale kwa fahari, kisha anamnyima Mtwa kikombe cha maji, moyo unaniuma.

Kwa mchungaji, ningependa umpelekee maneno yangu kwa heshima, maana najua hataki mabaya. Alama hizi zilikuwa na kazi, na pale ambapo kazi hiyo imejulikana, ni kazi ya kawaida ya maisha ya watu. Chongoni, picha nyingi nyeupe ni za wanawake wa Kichewa waliokuwa wakiwafundisha wasichana waliovunja ungo namna ya kuishi. Mila hiyo ilifika hadi karne ya 20, kwa hiyo waliohojiwa walijua wanachosema. Kolo, Kondoa, watu bado wanakwenda kuomba mvua na uponyaji. Na katika nchi yetu wenyewe, Kongo-Kati, kwenye mawe ya chokaa ya Lovo, mtafiti Geoffroy Heimlich amehesabu maelfu ya michoro, na mkaa wa baadhi yake ulipimwa ukaonyesha karne ya 15 hadi ya 18. Hizo ndizo siku za ufalme wa Kongo, ambao mfalme wake alibatizwa mwaka 1491. Miongoni mwa alama za Lovo kuna misalaba. Vijana wakipita na burashi kwenye kila jiwe wasilolielewa, siku moja watafuta msalaba uliochorwa na Mkristo mwenzao.

Umri wa jiwe lenu hautapatikana kwa kulitazama. Ngeu ni madini, haina kaboni, kwa hiyo kipimo cha radiokaboni, kinachosoma umri kutoka kwenye kaboni, hakiishiki. Mkaa unapimika, kama Lovo. Alama iliyochongwa haina rangi hata kidogo, tunategemea vilivyo pembeni yake: udongo uliojaa chini na kufunika sehemu ya mchoro, kipande kilichobanduka kikaanguka na kuzikwa na majivu ya moto wa kale, au tabaka la chokaa lililotiririka juu. Hata nyumba za nyigu wale wanaojenga kwa udongo zina faida. Australia, mwaka 2021, mchoro wa kangaruu ulipatiwa umri wa miaka kama 17,300 kwa kupima viota vya nyigu vilivyokuwa juu na chini ya rangi. Sasa fikiria vijana wako na burashi: cha kwanza watakachokwangua ni viota vya nyigu, cha pili ni vile vimea vikavu vya kijivu, na wakichimba kupata mahali pa kusimama wataharibu udongo wenyewe. Jiwe litang'aa na umri wake utakuwa umekwenda.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mtu mmoja anayeaminiwa, mwenye simu nzuri, aende asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu mwanga wa pembeni unatoa vivuli kwenye michongo ambayo mchana haionekani kabisa. Apige picha ya jiwe zima kwanza, kisha asogee karibu kidogo-kidogo, na kwenye kila picha aweke kalamu au kijiti chenye kipimo kando ya alama, kisiguse alama. Asitie chaki ndani ya mistari ili ionekane. Watu wengi hufanya hivyo, na ni uharibifu. Asimwagie maji kuamsha rangi. Asiwashe moto chini ya mwamba. Akiona popote dalili ya wekundu, apige hapo picha nyingi zaidi, kwani kuna programu iitwayo DStretch inayoweza kutoa rangi ambayo macho yetu yamekwisha kuikosa. Asiokote vijiwe vilivyo chini, hata kimoja, na asichimbe.

Picha zisipelekwe Facebook pamoja na jina la kijiji. Zilete kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, au kwa walimu wa historia na akiolojia chuo kikuu. Vitu vya namna hii viko chini ya sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni, na chifu wa kijiji ana sauti ya kutosha kuzuia watu wakati tunasubiri. Mpigie yeye kabla ya vijana.

Na mkatazo wa mama yako usiuache hivi hivi. Kama yuko hai, mkae naye, wewe na mtoto, mumuulize ni nani aliyemkataza yeye kulikaribia jiwe, kwa sababu gani, nani aliruhusiwa kwenda, na wakati gani wa mwaka. Mtoto aandike majibu yote kwa lugha ileile atakayoisema bibi, iwe Kiluba, Kisanga au Kizela, bila kuyapanga vizuri wala kuyafupisha. Mkija makumbusho na picha, daftari hilo lije pia.